Nani Akupeleleze Wewe?

Kuna swali ambalo huulizwa kwa kicheko, na kwa kuwa limeulizwa kwa kicheko hakuna anayejisumbua kulijibu: "Nani akupeleleze wewe?" Mara nyingi huja na picha ya Rowan Atkinson ndani ya suti, uso umekakamaa, nyusi zimepanda, bastola mkononi. Huyo ni Johnny English, mpelelezi wa Uingereza anayeharibu kila anachokigusa, kisha anaibuka mshindi kwa bahati. Mtu anauliza jambo kuhusu simu yake, anatupiwa picha hiyo, watu wanacheka, mada inafungwa. Ninataka kujua mzaha wa aina hii umepata wapi mamlaka ya kufunga mada.

Nimechokozwa, sikatai. Mama mmoja wa hapa Musoma, ambaye hununua dagaa kwenye mwalo wa Mwigobero na kuwauzia wateja wa Bunda, alikopa fedha kupitia programu ya simu ambayo kiungo chake alitumiwa na shoga yake. Mvua ikawakuta dagaa wakiwa wameanikwa, mzigo ukaoza, marejesho yakachelewa. Kabla yeye mwenyewe hajadaiwa, alipigiwa mama mkwe wake aliyeko Butiama. Akafuata mchungaji, akafuata mwalimu wa mtoto, wakafuata wateja wa Bunda, wote wakipokea ujumbe kwamba huyo mama ni tapeli, wamwambie alipe. Aibu ya namna hiyo, katika mji ambao watu wanajuana hadi ukoo, haihitaji maelezo.

Akaja kuuliza katika kundi letu la WhatsApp, lenye watu wa Musoma, Bunda na Butiama, wakiwamo vijana waliosomea kompyuta. Swali lake lilikuwa la heshima kabisa: hawa watu wamempataje mama mkwe wangu, au kuna mtu anaisikiliza simu yangu? Kijana mmoja, tena fundi anayeaminika, akajibu: "Shangazi, umeshaanza sinema za Johnny English. Nani akupeleleze wewe muuza dagaa?" Ikafuata picha. Mwingine akasema huenda mzee wa kitengo cha upelelezi amejificha ndani ya gunia. Emoji za kucheka zikatiririka. Mama akaandika, "Haya wanangu," na tangu hapo hajaandika tena.

Ufafanuzi wa kicheko na wa upelelezi tuumalize haraka. Thomas Hobbes aliona kicheko ni kujiona ghafla kuwa bora kuliko mwenzako. Immanuel Kant aliona ni matarajio yaliyopanda yakaishia patupu. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900, aliona ni adhabu ndogo ambayo jamii humpa mtu anayekwenda kama mashine. Chukua unayoipenda. Upelelezi nao ni kumchunguza mtu bila yeye kujua wala kutaka. Hakuna aliyebishania hayo siku ile.

Kilichobishaniwa, bila mtu kukitaja, ni ukubwa wa binadamu.

Filamu za vichekesho vya upelelezi zina jamii yake, na jamii hiyo ina madaraja. Juu kabisa hukaa tajiri mwovu mwenye mpango wa kuiteka dunia, mfano wa Dkt. Evil katika filamu ya kwanza ya Austin Powers ya mwaka 1997: aligandishwa kwa miaka 30, akazinduka, akataka kuitoza dunia nzima dola milioni moja, mpaka msaidizi wake akamwambia kwamba siku hizi hizo si fedha za kutisha. Anayefuata ni mpelelezi mpumbavu mwenye bosi, ofisi na vifaa. Maxwell Smart wa tamthilia ya Marekani iitwayo Get Smart, iliyoonyeshwa kati ya 1965 na 1970, alikuwa na simu ndani ya kiatu, na pia kuba la plastiki la kuzungumzia siri, ambalo likishushwa vichwani wazungumzaji wenyewe hawasikilizani.  Muuza samaki naye yumo katika filamu hizi, tusidanganyane. Kazi yake ni moja: meza yake kupinduliwa magari yakifukuzana. Samaki wanaruka, mpelelezi anapita, tunacheka, na kamera haigeuki nyuma kutazama ni nani atakayelipa.

Kwa hiyo mzaha wa Johnny English ulimtendea yule mama mambo mawili kwa mpigo. Kwanza ulimgeuza mpumbavu anayejidhania mkubwa. Pili, na hili ndilo zito, ulipitisha bila hoja kanuni kwamba kupelelezwa ni heshima ya wakubwa: lazima uwe na siri za dola, fedha za kutikisa benki au cheo, ndipo mtu ajisumbue na wewe. Ukiikubali kanuni hiyo, umekubali na ya pili yake, kwamba mtu mdogo hana faragha ya kuvunjwa. Hana anachoficha kwa sababu hana kitu. Muuza dagaa akisema ameingiliwa, atakuwa anajikweza.

Kinyume na kanuni hiyo, Azimio la Arusha la mwaka 1967 linaanza na imani ya chama cha TANU kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kila mmoja anastahili heshima. Mwandishi wake mkuu, Mwalimu Nyerere, alizaliwa Butiama, katika wilaya ileile anakoishi mama mkwe aliyepigiwa simu ya matusi. Inashangaza kwamba sisi watu wa mkoa wa Mara, ambao tunapenda kuwakumbusha wageni kwamba Mwalimu ni wa kwetu, tunaweza kumwambia mwanamke mbele za watu kwamba yeye si mtu wa kiwango cha kuingiliwa, na tukaliita jambo hilo kichekesho.

Na kosa si la adabu peke yake. Ni la ukweli pia, na limefanywa na watu waliosomea ukweli huo. Upelelezi wa filamu huanza na jina: fulani ana siri, mfuateni. Ule uliompata mama wa Mwigobero haukuanza na jina la mtu yeyote. Ni kokoro. Wavuvi wa ziwa hili wanajua kwa nini kokoro limepigwa marufuku: haliulizi huyu ni sangara wa kilo ngapi, linazoa hadi vifaranga. Programu ya mkopo ilipoingia kwenye simu iliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa. Mama akabonyeza kukubali, kwa kuwa asiyekubali hapewi mkopo. Orodha nzima ikahamia kwenye kompyuta za mkopeshaji. Hakuna aliyesikiliza simu, hakuna aliyemfuatilia mtaani, hakuna aliyemjua. Siku alipochelewa kulipa, majina yakachaguliwa kutoka kwenye orodha, na aliyehifadhiwa kama "Mama Mkwe" akawa wa kwanza, kwa sababu ambayo kila aliyeoa au kuolewa anaielewa.

Jibu lenyewe ndilo hilo, na linaandikika kwa muda uleule wa kutafuta picha ya Rowan Atkinson.

Tena wakubwa wa dunia hawakulichukulia jambo hili kama sinema. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023, Google ilizikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma majina na picha za wateja. Programu inayotaka kuyasoma bado ina njia ya pembeni, viungo vinavyotumwa kwa WhatsApp, ambavyo havipiti dukani humo. Septemba mwaka huohuo, ofisi ya kamishna wa ulinzi wa taarifa nchini Kenya ilimtoza mkopeshaji mmoja wa mtandaoni faini ya shilingi 2,975,000 za huko kwa kutumia majina na namba za watu ambao hawakumkopa. Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Benki Kuu haikuwa ikitazama vichekesho.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba waliocheka hawaijui hata filamu wanayoitumia. Katika sehemu ya tatu, Johnny English Strikes Again ya mwaka 2018, mdukuzi anaanika majina ya wapelelezi wote wa Uingereza walio kazini. Johnny English, ambaye sasa anafundisha jiografia shuleni, anarudishwa kazini kwa kuwa amekwishatoka kwenye orodha. Mwovu anageuka kuwa bilionea kijana wa teknolojia kutoka Marekani, mcheshi, mwenye tabasamu, ambaye Waziri Mkuu anamwona mkombozi na yuko tayari kumkabidhi taarifa za nchi nzima. Mpumbavu pekee asiyependa simu janja ndiye anayemshuku. Yaani filamu yenyewe inamtetea mama wa dagaa! Inasema taarifa za watu wote ni mali, kwamba tajiri anazitaka, kwamba serikali inaweza kuzitoa kwa shukrani, na kwamba mwenye kuuliza ataitwa mshamba. Wale vijana wamechukua uso wa Johnny English wakaiacha hadithi yake mlangoni.

Ipo filamu kongwe zaidi iliyolielewa jambo hili kuliko zote, Our Man in Havana ya mwaka 1959, iliyotokana na riwaya ya Graham Greene ya mwaka uliotangulia. Greene mwenyewe aliwahi kuwa mpelelezi wa Uingereza huko Freetown wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Mhusika wake ni muuza mashine za kufyonza vumbi mjini Havana, aliyeingizwa katika ujasusi asioujua. Kwa kuwa anahitaji fedha kwa ajili ya binti yake, anabuni mawakala hewa kwa kuokota majina ya watu wa mjini, na anachora vipuri vya mashine zake na kuvituma London kama silaha za siri. London wanaamini. Hadi hapo ni kicheko kitupu. Kisha watu wenye majina yale, wasiojua lolote, wanaanza kushambuliwa, na kuna anayekufa. Greene aliona kwamba orodha ya majina ikishaingia katika mikono isiyojali, uongo na mzaha havimlindi aliyemo ndani yake. Wakala hewa hafi. Mwenye jina ndiye anayekufa. Mama mkwe wa Butiama hakukopa, hakuweka programu, hakubonyeza kukubali mahali popote. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, basi.

Ziko hoja za haki dhidi yangu, nazitaja. Mzaha huwapa watu ujasiri wa kugusa mambo ambayo, tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, wengi wanaogopa kuyaandika waziwazi, ni kweli. Mfano wa filamu humsaidia mtu kukumbuka jambo la kitaalamu ambalo maelezo makavu yangepita bila kushika. Ni kweli pia. Na yule kijana hakuwa na chuki na mtu, nakubali.

Hoja ninayoshindwa kuivumilia ni nyingine. Nilimwandikia kijana pembeni, kwa upole, kwamba mama ameumia na swali lake halijajibiwa. Akanijibu: "Mura, mbona unapaniki? Ni utani tu." Nilipoendelea, akaniambia natoa povu. Tangu hapo nimeisikia hoja hiyo Bunda stendi, nimeisikia kwenye msiba, nimeisikia kwa watu wenye shahada mbili. Ni utani tu. Nitaichambua polepole, maana haijawahi kuchambuliwa. Kila anayejaribu huambiwa anapaniki.

Kwanza, inadai kwamba maneno yale hayakufanya lolote. Kama hayakufanya lolote, kwa nini yalisemwa? Aliyeyasema alitaka yafanye kitu: yachekeshe, yamkweze msemaji, yafunge swali asilokuwa na hamu ya kulijibu. Yakafanya yote matatu. Ni pale tu alipoonyeshwa jambo la nne, kwamba mtu mzima amenyamazishwa, ndipo maneno yakawa hewa. Mwenye hoja hii anataka faida ya maneno yake bila gharama yake. Fundi huyohuyo mteja akimwambia "kukulipa nilikuwa nakutania," sidhani kama angeikubali falsafa yake mwenyewe.

Pili, inabadilisha mshtakiwa. Tulianza tukiichunguza programu ya mkopo. Baada ya mzaha tukawa tunamchunguza mama, kama ana moyo wa kutaniwa au hana. Baada ya malalamiko yangu tukaanza kunichunguza mimi, kama nimepaniki au la. Angalia safari hiyo: kutoka kwa mkopeshaji asiye na leseni hadi kwenye shinikizo langu la damu. Katika kila kituo simu imesahaulika zaidi. Kama ningekuwa mkopeshaji wa aina ile, nisingehitaji wakili. Ningeomba tu katika kila kundi la WhatsApp awepo mcheshi mmoja.

Tatu, na hapa ndipo damu inapochemka kweli, hoja hii inaukashifu utani wenyewe. Utani wa nchi hii si kitu cha "tu". Ni taasisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 uliandikwa na Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani kule Usambara, kwa sababu hata macho yaliyozoea ndege yaliona kwamba hapa kuna mpangilio wenye sheria. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown aliufanya utani wa namna hii kuwa mada kubwa ya elimu ya jamii. Walichokiona sisi tunakijua bila kitabu. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukuvua kofia, kukucheka mbele ya wakwe, na wewe huruhusiwi kukasirika. Lakini mtani huyo ndiye anayefika msibani kwako kabla ya jua, anachimba kaburi, anahangaika na maji na kuni, anawachekesha wafiwa ili wale. Kibali cha kucheka kimelipiwa kwa jembe. Mjukuu anayemtania bibi yake hapa Majita au kule Uzanaki ndiye anayemchotea maji bibi huyo.

Sasa tumpime kijana wetu kwa kipimo hicho. Alimtania mama, je, alikwenda Butiama kumweleza mama mkwe kwamba mkamwana wake si tapeli? Je, aliichukua ile simu akaisafisha? Je, mama angeweza kumrudishia? Hili la mwisho ni muhimu kuliko yote. Utani wetu hutumia mambo ambayo pande zote mbili zinayajua: chakula chenu, woga wa wajomba zenu, ubahili wa ukoo wenu. Ukinirushia, nakurushia. Mama wa Mwigobero hamjui Johnny English ni nani. Alichekwa kwa mfano asiouona, mbele ya watu wanaouona, na kutokujua kwake kukawa sehemu ya kichekesho. Mwenye kuleta mfano wa filamu mbele ya asiyeitazama amechagua uwanja ambao mwenzake hana miguu ya kukimbilia. Hapo hakuna mtani wa kujibu. Kuna mtazamwa mmoja tu, na amegeuzwa yeye kuwa sinema.

Mzaha wa kwenda juu nao tunaujua. Taifa zima lilimwita Rais wake Mchonga kwa ajili ya meno yake yaliyochongwa kwa desturi ya Wazanaki, na Oktoba 1999 taifa hilohilo likajipanga barabarani kumlilia. Dola ilikuwa upande wake na jina likawa upande wetu, mizani ikakaa. Mama wa dagaa alikuwa na nini upande wake?

Niruhusuni hapa nipite njia ya pembeni ambayo sijawahi kuweza kuikwepa. Mwaka 1969, akiwa Rais, Mwalimu alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare. Watu huikumbuka kama hadithi ya mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mdaiwa. Wanasahau ratili hiyo iliingiaje katika mkataba. Iliingia kama mzaha. Antonio anahitaji dukati elfu tatu kwa miezi mitatu kwa ajili ya rafiki yake Bassanio. Mkopeshaji, Shailoki, anasema hataki riba. Waandikishane tu, kwa kufurahishana, kwamba mkopo usipolipwa atakata nyama. Bassanio anaingiwa na hofu. Antonio anatulia: merikebu zangu zitarudi, tutie saini. Ni utani tu! Merikebu hazirudi kwa wakati, na siku ya mahakama mzaha una kisu, na kisu kinanolewa kwenye soli ya kiatu.

Lakini tamthilia hiyo haimpi msomaji raha ya kumchukia Shailoki kwa moyo mweupe. Kabla ya mkataba, Antonio amekuwa akimtemea mate na kumwita mbwa, naye ameyavumilia kwa mabega. Kwa hiyo mkopeshaji mwenyewe ni zao la vicheko vya watu. Na mbele ya hakimu yumo kijana mmoja, Gratiano, ambaye hadai wala hadaiwi, na kazi yake ni kukejeli. Shailoki anaposhindwa, Gratiano anamrudishia sifa alizokuwa akimpa hakimu, neno kwa neno, na watazamaji wanacheka. Ukimwondoa Gratiano hukumu haibadiliki hata nukta. Kinachobadilika ni sisi: bila yeye tungelazimika kumtazama mzee aliyenyang'anywa mali na dini yake kwa mkupuo. Kicheko kinatuokoa na kazi hiyo. Naamini kila kundi la WhatsApp lina Gratiano wake, na huyo wetu alikuwa hodari. Mara nyingi nimejiuliza mtu wa Butiama, aliyekuwa ametoka kutangaza vita dhidi ya unyonyaji, aliona nini katika mchezo huu ambamo mnyonyaji anaonewa na waonevu wanachekesha. Angetaka mchezo mwepesi wa kumshutumu bepari angeupata kwingine. Alichagua huu, ambao hauachi mtu yeyote akiwa safi. Lakini nimekwenda mbali.

Nirudi kwenye mzaha na mamlaka yake. Ningependa kumaliza kwa kanuni, kwa mfano: mcheshi awajibike kwa anayemcheka, la sivyo anyamaze. Nikiijaribu kanuni hiyo inavunjika. Wanaomcheka tajiri wa teknolojia hawatachimba kaburi lake, na sitaki wanyamaze. Mamilioni wanacheka na Johnny English bila udugu wowote na hawajamdhuru mtu. Vilevile, kama mama mwenyewe angejituma ile picha, akasema "jamani nimekuwa jasusi," picha ileile ingekuwa ya ushujaa. Basi ubaya haumo katika picha. Umo wapi? Katika nani ameituma, au katika swali lililoachwa chini yake? Sijaweza kuchagua.

Nakiri pia kwamba upelelezi wa wakubwa upo. Julai 2021 dunia ilisoma habari za Pegasus, programu ya kampuni ya Israeli ya NSO Group inayoingia ndani ya simu bila mwenyewe kubonyeza chochote, na Desemba mwaka huo ikaripotiwa kwamba simu za wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani nchini Uganda zilikuwa zimeingiliwa kwa zana hiyo. Huo ndio wa sinema: ghali, wa kuchagua, wa wenye vyeo. Kijana anayesema mama wa dagaa hawezi kuwekewa Pegasus huenda anasema kweli. Ila kokoro na ndoano ziko katika ziwa moja, na aliyeponea ndoano si lazima aponee kokoro. Sijui kama neno upelelezi linatosha kwa yote mawili, wala sioni kwamba mwathirika anadaiwa kulipanga kwanza ndipo asikilizwe.

Kwa hiyo sina hukumu, nina ombi. Ninyi mliosomea simu na kompyuta, mlioko Musoma, Bunda, Butiama na kwingineko, mtu akiwauliza jambo kuhusu simu yake, mjibuni kwanza. Mwonyesheni mipangilio ilipo, sehemu ya programu, sehemu ya ruhusa, aone nani amepewa majina yake na amwondoe. Mwambieni kwamba kuondoa ruhusa leo hakurudishi majina yaliyokwisha kuchukuliwa, na kwamba malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ya wakopeshaji wasio na leseni yanapelekwa Benki Kuu. Mkishamaliza, chekeni mpaka mbavu ziume. Sheria ya 2022 inamlinda mtu kwa kuwa ni mtu. Haimtaki awe mkubwa kwanza.